Kwa Heshima ya Kufuli

Miongoni mwa neema ambazo Microsoft imewashushia wanadamu bila kuombwa, sijaona iliyotimia kama hii ya kututaka tuchague kati ya Windows Home na Windows Pro. Neema nyingine zina kasoro zake. Yule msaidizi wa umbo la kibanio cha karatasi, aliyekuwa akichungulia kila barua tunayoandika, aliondolewa tukiwa bado hatujamzoea. Simu za Windows zilizikwa na waombolezaji wachache. Lakini swali la Home au Pro limedumu tangu 2001, na kila kizazi kinachokwenda dukani kununua kompyuta hulikuta pale pale kaunta, bichi, halijaguswa na jibu.

Wasio na shukrani huliita usumbufu. Wanasema mtu anayetaka kuchapa barua, kutunza hesabu za duka na kutazama mpira hapaswi kufanyiwa usaili kwanza. Mimi nawauliza: ni mara ngapi katika maisha mtu huulizwa, tena kwa bei iliyokwisha kupangwa, kama yeye ni mtu wa nyumbani tu au ni mtaalamu? Wazazi hawakutuuliza. Serikali haituulizi, hutukadiria. Kampuni moja ya Redmond, jimbo la Washington, ndiyo iliyojali.

Ili kuithamini neema hii ni lazima tukumbuke miaka ya dhiki. Kabla ya 2001 tofauti ilikuwa ya kweli, na kwa sababu hiyo haikuwa na ladha yoyote. Nyumbani kulikuwa na Windows 95, kisha 98, kisha ile Me iliyokuwa ikiganda katikati ya sentensi, zote zikiwa zimeegemea mfumo mkongwe wa DOS. Ofisini kulikuwa na Windows NT na baadaye Windows 2000, zenye kiini kingine kabisa kilichoandikwa upya na kundi la wahandisi wakiongozwa na Dave Cutler. Aliyelipia ya ofisini alijua analipia nini: programu moja ikianguka, haiburuti mashine nzima. Huo ni uchaguzi wa kihandisi. Hauna siri, hauna majivuno, na mtu akishaelezwa mara moja hana tena la kuuliza.

Hata hivyo dalili za kipaji zilikuwapo. Mwaka 1996 Windows NT 4.0 iliuzwa kwa sura mbili: Workstation, na Server iliyozidi bei kwa mamia ya dola. Mhandisi mmoja mdadisi, Mark Russinovich, akaifungua na kuchungulia ndani. Alikuta kiini ni kilekile. Kilichoiambia mashine kwamba yenyewe ni Server na si Workstation ni mambo mawili yaliyoandikwa kwenye rejista yake, kama vile jina linavyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Wenye haraka walidhani ni fedheha. Kampuni ikaonyesha ukomavu: miaka kumi baadaye, 2006, ikainunua biashara ya Russinovich na kumwajiri, na leo ni mmoja wa wakuu wake wa teknolojia. Anayegundua kufuli asifukuzwe, apewe ofisi.

Kisha ikaja Windows XP, tarehe 25 Oktoba 2001, na hapo ndipo janga lilipobisha hodi. Kwa mara ya kwanza nyumbani na ofisini zilipata kiini kimoja. Mama wa nyumbani angetumia kitu kilekile alichokuwa nacho meneja wa benki, tena kwa bei ileile, na hakuna mtu ambaye angeweza kumtazama mwenzake kwa jicho la chini. Jamii haiendi hivyo. Kwa bahati nzuri kufuli lilikwisha kuandaliwa. XP Home iliuzwa Marekani kwa dola 199 na Professional kwa dola 299, na zile dola 100 za katikati zilikuwa bei ya vitu ambavyo Home haikupewa, au ilipewa kisha vikafichwa.

Katika ufundi wa kuficha sina budi kusimama kidogo. Ndani ya XP Home, ukurasa wa kupanga nani aruhusiwe kufungua faili ipi haukuonekana. Lakini ulikuwapo. Ulijitokeza pale tu ulipoiwasha kompyuta katika hali ya dharura, ile Safe Mode ambayo mafundi huitumia mashine ikiugua. Yaani umeuziwa nyumba yenye vyumba vyote, mlango wa chumba kimoja umepakwa rangi ya ukuta, nao huonekana tu nyumba ikishika moto. Wapo wajenzi wanaosifiwa kwa kuta. Huyu anastahili kusifiwa kwa rangi.

Ustadi huo haujapotea. Faili ya Windows 11 unayoipakua kutoka kwa kampuni yenyewe imebeba Home, Pro na Education kwa pamoja. Namba ya leseni ndiyo inayoamua kipi kifunguliwe. Mwenye Home akitaka kupanda daraja hahitaji mfumo mpya. Huandika herufi 25, mashine huzima na kuwaka, na yule aliyelala akiwa mtu wa nyumbani huamka akiwa mtaalamu. Watu wametumia miaka minne vyuoni kwa matokeo hafifu kuliko hayo.

Na ni yapi hayo yaliyofungiwa? Tuanze na kutembeleana. Kompyuta yenye Home inaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine ya mbali na kuitumia kama yake, lakini haiwezi kuingiwa. Yenye Pro inaweza yote mawili. Kwa hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba hakipokei wageni, na kilichotengenezwa kwa ajili ya ofisi kinawapokea. Wahenga wetu walihangaika hadi siku ya tatu ndipo mgeni akapewa jembe. Redmond imemaliza jambo hilo mlangoni.

Pro pia ina ukumbi wa amri, mahali ambapo mamia ya mambo yamepangwa kwa mafungu, kila moja na maelezo yake: kataza hiki, ruhusu kile, zima kile kingine. Home haina ukumbi huo. Mwenye Home akitaka kubadili mengi ya mambo hayohayo huelekezwa aingie kwenye rejista kwa mkono, gizani, ambako kosa dogo linaweza kuifanya mashine isiwake kesho. Tazama imani iliyomo humo. Mtaalamu amepewa chombo chenye maelezo na kinga, na mwananchi wa kawaida amepewa kisu. Ni kampuni ngapi zinawaamini wateja wake wadogo namna hiyo?

Kuhusu wezi, Pro ina BitLocker, inayoifunga diski nzima ili aliyeiba laptopu abaki na chuma na plastiki. Home haina BitLocker. Ina kitu kinachoitwa usimbaji wa kifaa, ambacho kwa ndani ni BitLocker hiyohiyo iliyonyang'anywa jina na vitufe. Tangu toleo la 2024 la Windows 11, usimbaji huo hujiwasha wenyewe kwenye mashine iliyosakinishwa upya mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 huhifadhiwa humo kwenye akaunti. Wengi wetu akaunti hiyo tulifunguliwa na kijana wa dukani, kwa anwani ya barua pepe aliyoibuni palepale foleni ikiwa ndefu. Siku fundi akibadilisha kitu ndani ya mashine, skrini hutulia na kuomba tarakimu zile 48. Mwizi amezuiwa. Mwenye mali naye amezuiwa, kwa usawa kamili mbele ya sheria.

Masasisho ni somo jingine la malezi. Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, mwenye Pro aliruhusiwa kuyaahirisha yale makubwa. Mwenye Home alitakiwa kuyapokea yanapofika. Walalamishi wakasema kompyuta za nyumbani zimegeuzwa uwanja wa majaribio ili za ofisini zipate dawa iliyokwisha kuonjwa. Sasa walitaka nani aonje? Ofisini kuna mkutano saa tatu. Nyumbani kuna mwanafunzi tu, anamalizia tasnifu saa saba usiku, na kompyuta ikiamua kuzima na kuwaka upya mbele yake anajifunza subira, sala, na umuhimu wa kuhifadhi kazi kila baada ya aya. Mwaka 2019 kampuni ililegea na kumruhusu mwenye Home asitishe masasisho siku saba saba hadi siku 35. Nahofia vijana wataharibika.

Kuhusu kumbukumbu nitakuwa mfupi. Home hukubali hadi gigabaiti 128, Pro hadi 2,048. Wengi wetu tunatumia nane, na fundi ametuambia tumejitahidi.

Wapo watakaodhani kwamba akishalipia Pro mtu amefika. Hapana, na hapa ndipo mpango huu unapoonyesha kina chake, kwa sababu daraja lisilo na daraja juu yake ni sakafu tu. Mtaalamu aliyefungua Windows 10 Pro mpya alikuta kwenye menyu yake mchezo wa peremende, Candy Crush, umemtangulia kazini. Kulikuwa na amri ya kuzuia zawadi za aina hiyo, ndani ya ule ukumbi wa amri aliolipia. Mwaka 2016 amri hiyo iliondolewa mikononi mwa Pro ikabakishiwa Enterprise na Education. Mhasibu aliyethibitishwa, mwenye muhuri wake, akajua kwamba bado kuna watu wanaostahili menyu safi kuliko yeye. Kabla ya hapo angejuaje? Na Windows 11 ilipoanza 2021, Home ililazimika kuwa na intaneti na akaunti ya Microsoft ndipo iwashwe mara ya kwanza, huku Pro ikiruhusiwa kuanza maisha bila hivyo. Mwaka uliofuata Pro nayo ikatakiwa vivyo hivyo. Heshima iliyodumu mwaka mmoja ni heshima pia.

Zama za dhahabu, kwa maoni yangu, zilikuwa za Vista mwaka 2007. Hapo hapakuwa na mbili bali kundi zima: Starter, Home Basic, Home Premium, Business, Enterprise na Ultimate. Mwenye Home Basic alinyimwa ule mng'ao wa kioo kwenye kingo za madirisha, ili asisahau anakaa wapi. Aliyenunua Ultimate kwa dola 399 aliahidiwa ziada za kipekee, akasubiri, akapata mchezo wa karata za poka na uwezo wa kuweka video nyuma ya aikoni zake. Alikuwa na maji yanayotiririka nyuma ya Excel. Sultani gani aliwahi kuwa nayo?

Sisi wa nchi zinazoitwa zinazoendelea tumependelewa kwa namna ya pekee. Mwaka 2004 ilianza kuuzwa XP Starter, kwanza kwa nchi za Asia kama Thailand, ikiwa na bei nafuu na sharti moja la busara: programu tatu tu kwa wakati mmoja. Ukitaka ya nne, funga mojawapo. Windows 7 Starter ya 2009 ililegeza sharti hilo, lakini ikafidia: mwenye nayo hakuweza kubadilisha picha ya nyuma ya skrini. Si kwamba kompyuta ilishindwa. Kuweka picha ya mtoto wako kwenye skrini kulihesabiwa kuwa hatua ya juu ya matumizi, isiyofaa kwa anayeanza.

Halafu likaja toleo ninalolipenda kuliko yote, Home Single Language, linalowekwa kwenye laptopu mpya zinazopelekwa katika masoko ya aina yetu. Lina lugha moja ya kuonyesha menyu. Ukitaka ya pili, panda daraja. Waliobuni waliifikiria nyumba ya Bukavu, ambako mama anagombeza kwa Kimashi, watoto wanajibu kwa Kiswahili na baba anaandikia ofisi kwa Kifaransa. Au ya Mtwara, ambako bibi anaswali kwa Kiarabu na kuhesabu samaki kwa Kimakonde. Wakaona kuwa nyumba hizo zinahitaji, zaidi ya yote, kutulizwa.

Lakini uzuri kamili wa mpango huu hauonekani Redmond. Unaonekana Kariakoo, au Luthuli Avenue, kwenye maduka ya laptopu za mtumba. Makampuni ya Ulaya hununua Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizokuja na Pro, huzitumia miaka michache, kisha huzitoa. Tangu enzi za Windows 8 leseni ya kiwandani huandikwa ndani ya mashine yenyewe, hivyo inasafiri nayo baharini. Matokeo yake ni kwamba muuza dagaa anayeandika madeni ya wateja ana Pro, pamoja na BitLocker, kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta na uwezo wa kuingizwa kwenye mtandao wa shirika la bima la Ujerumani. Mkurugenzi aliyenunua mpya, kwenye boksi, ikiwa na nailoni yake, ana Home Single Language. Daraja zimehifadhiwa, waliomo ndani yake ndio wamebadilishana viti.

Mazungumzo ya hapo kaunta huenda hivi. Mwalimu wa shule ya msingi anataka kompyuta ya kuchapia mitihani, kutunza hesabu za VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, na watoto wafanyie kazi za shule jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ikoje?"

"Hiyo ni ya moto, mama. Hiyo Pro."

"Pro ndiyo nini?"

"Pro si Home, mama. Home ndiyo ile ya kwenye boksi."

"Mbona Pro ni rahisi kuliko Home?"

"Ile ni mpya, mama. Hii imetoka Ulaya, imeshafanya kazi."

"Kwa hiyo nikitaka utaalamu ninunue mtumba?"

"Utaalamu ni uzoefu, mama."

Nimesoma majedwali ya kampuni, yenye alama za vema upande mmoja na nafasi tupu upande mwingine. Hakuna lililoeleza jambo hili kwa ukamilifu kama kijana huyo. Na mwalimu yule, ambaye meza yake moja ni ofisi, benki ya akina mama kumi na tano, darasa la ziada na mahali pa kulia ugali, hataulizwa tena kazi yake inaishia wapi na nyumba yake inaanzia wapi. Mashine imeshamjibia.

Kwa anayenunua kwa njia iliyonyooka kuna hesabu ndogo ya kupendeza. Kwa bei za Marekani, Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni takribani 200. Mwenye Home akija kutambua kwamba ni mtaalamu, hupanda kwa dola 99. Jumla ni 238. Aliyejiona mtaalamu tangu siku ya kwanza amelipa 200. Aliyekuwa mnyenyekevu amelipa karibu 40 zaidi. Dini nyingi huahidi kwamba unyenyekevu una thamani, lakini ni chache zilizothubutu kuitaja. Wenye Mac nawaonea huruma. Apple huwapa macOS moja, wote sawa, na tangu 2013 bila malipo. Hawana cha kuchagua, hawana wa kumpita, na jioni hukaa wakitumia kompyuta tu.

Mafundi wetu pia ni mashahidi wa heshima ya Pro. Fundi anayepiga Windows kwa flashi, bila leseni wala haya, hupiga Pro daima. Sijapata kusikia aliyeghushi Home. Hata mwizi ana kiwango chake. Na pale flashi inaposhindwa kufanya maajabu yake ndipo hupatikana toleo la tatu, ambalo kampuni hailiorodheshi kwenye majedwali ingawa huenda ndilo linalotukusanya wengi kuliko yote: Windows isiyoamilishwa. Hiyo haiulizi wewe ni nani. Inafanya karibu kila kitu. Inakataza kubadilisha picha ya nyuma kwenye mipangilio, kwa kumbukumbu ya Starter, na huandika chini upande wa kulia, kwa maandishi ya kijivu ambayo hakuna dirisha linaloweza kuyafunika, maneno ya Kiingereza: Activate Windows.

Maandishi hayo yamehudhuria vikao vingi kuliko madiwani. Yamekuwapo kwenye semina za wizara, kwenye mahubiri, kwenye utetezi wa tasnifu. Katika kikao kimoja cha kamati ya harusi, mhazini alitupa ukutani kwa projekta orodha ya wachangiaji, majina kushoto na kiasi kulia, akaishusha taratibu hadi ukurasa wa mwisho. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akavaa miwani, akainuka kidogo kwenye kiti, akauliza huyu Activate Windows wa mwisho pale ni wa upande gani, na mbona mbele ya jina lake hapaonekani kitu.

"Huyo bado, mzee," mhazini akajibu. "Ameahidi tu."